Nyuzi za Mwalimu Kikoti

Mwezi uliopita klabu yetu ya tenisi hapa Iringa ilinifanyia hafla ya kuniaga. Nilipewa vitenge viwili, saa ya ukutani na nafasi ya kusema machache. Nikasema asanteni sana, nikaketi. Miaka thelathini na sita ya kutunza viwanja na kufunga nyuzi za raketi, nikaimaliza kwa maneno mawili. Mwenyekiti alionekana kushukuru, maana chakula kilikuwa kinapoa.

Nilipofika nyumbani nilijilaumu. Si kwamba nilikuwa na hotuba. Ila niliposimama pale nikiwatazama wachezaji waliohudhuria, niliona hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona Mwalimu Kikoti akicheza. Hakuna aliyemjua Bi Zuhura enzi zake, wala Mzee Mhapa aliyenifundisha kazi. Nyinyi mnaoichukua kazi yangu mnafagia kila asubuhi mahali walipokanyaga, na hamjui. Basi nimeona niandike. Sitasema nilipanda cheo lini, kwa sababu sikupanda.

Niliajiriwa kubeba maji. Viwanja vyote vitatu vilikuwa vya udongo wakati ule, na kiwanja cha udongo kinakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali. Siku ya kwanza nilifika alfajiri, mwezi wa saba, baridi ile ya Iringa inayopasua midomo. Nilimkuta Mzee Mhapa amepiga magoti katikati ya kiwanja, anapapasa ardhi kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Kamwene," akanisalimu bila kuinuka.

"Kamwene, Mzee."

"Unajua tenisi?"

"Hapana, Mzee. Sijui."

"Afadhali. Wanaojua wanatazama mpira. Wewe tazama chini."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu elekezi. Mengine nilijifunza kwa mgongo. Udongo wetu ulitoka kwenye vichuguu, tulikuwa tunauvunja kwa jembe, tunauchekecha mara mbili kwenye wavu wa chuma, tunaumwaga mwembamba, tunanyunyizia maji, kisha tunavuta rola la zege ambalo lilitaka watu wawili wasiogombana. Mistari tuliichora kwa chokaa na kamba. Ukizidisha maji, kiwanja kinateleza na mtu anavunjika nyonga. Ukipunguza, upepo wa mchana unakichukua kiwanja chote na kukipeleka kwenye nguo za majirani, na majirani wanakuja.

Mzee Mhapa ndiye pia aliyekuwa akifunga nyuzi za raketi. Alifanya kazi hiyo kwa msharasi wa fundi viatu, kipande cha mti na sikio. Alivuta uzi, akauzungusha kwenye mti, akaupiga kwa ukucha na kusikiliza. Baadaye mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao alituachia mashine ya kuvutia nyuzi, ile ya kuning'iniza uzito, yenye namba za paundi. Mzee aliitumia lakini hakuiamini. Alikuwa akinisimamisha pembeni na kuniuliza, "Mashine inasema hamsini na tano. Wewe unasemaje?" Nami nilipiga kwa ukucha, nikasikiliza, nikakisia. Alipopata mtoto wa jicho, mashine na msharasi vikawa vyangu.

Wanaume walichukua muda kuzoea fundi mwanamke. Mtu alikuja na raketi yake, ananikuta mlangoni, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa naingia ndani, nakaa kidogo, natoka tena na kusema, "Nimefika."

Jambo ambalo mnapaswa kulijua mapema ni kwamba mfunga nyuzi anawajua wachezaji kama fundi cherehani anavyovijua viuno vya watu. Anayetaka nyuzi zikazwe sana ana mkono wenye nguvu, au anadhani anao. Anayetaka zilegee kidogo anatafuta msaada. Nyuzi zilizolegea zinaurusha mpira mbali bila mkono kujichosha. Nilizijua namba za kila mtu kwa kichwa, na sikuwahi kumtajia mtu namba ya mwenzake.

Mwalimu Danieli Kikoti alikuwa mtu wa paundi hamsini na nane. Alifundisha jiografia sekondari, mrefu, mwembamba wa kuzaliwa, na alikuwa na pigo la bekhendi la mkono mmoja ambalo watu waliacha soda zao kuja kulitazama. Kabla ya kuingia kiwanjani alikuwa akinipa pole ya kazi. Alipomaliza kucheza alichukua ufagio na kufagia upande wake, ingawa hiyo ilikuwa kazi yangu, na nilipomkataza alisema, "Mimi ndiye niliyeuchafua, Anna."

Mwenzake wa kucheza naye wawili wawili alikuwa Bi Zuhura. Huyu alizaliwa Mbeya katika familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, akaolewa Iringa na kufungua duka la vitambaa karibu na soko kuu. Alicheza na suruali ndefu, shati la mikono mirefu na kilemba kilichofungwa kisogoni. Watu walisema sana. Mumewe alimleta kwa gari, akakaa pembeni na gazeti lake, na kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akiinua macho kutazama mchezo hata mara moja. Lakini mtu alipomsema mkewe, gazeti lilishuka. Bi Zuhura alikuwa na mbio, na alikuwa na mdomo. Akikosea yeye, alijitukana. Ukikosea wewe, alikutukana kwa Kiswahili safi kiasi kwamba ulikuwa unafika nyumbani ndipo unaelewa.

Mimi na yeye tulikuwa marafiki, kama mwenye duka na mbeba maji wanavyoweza kuwa marafiki. Alikuja kukaa nami chumba cha nyuzi wakati nafunga raketi yake, akamenya machungwa, akanipa nusu. Alinifundisha kufunga kilemba kisichofunguka ukiinama. Nilimfundisha kusikiliza uzi.

Kila mwaka tulicheza na Mbeya, mwaka mmoja kwao, mwaka mwingine kwetu. Tulipokwenda kwao tulisafiri kwa pikapu ya mwanachama mmoja, raketi tumezifunga ndani ya blanketi, na tulisimama Igawa kunyoosha miguu. Mara moja Mwalimu alinunua kanga hai kwa mwanamke wa barabarani, yule ndege akajinasua kamba ya miguuni tukiwa tumeshaondoka, na Bi Zuhura akamdaka hewani kwa mkono mmoja. "Mwalimu," akamwambia, "hata kuku wako unaniachia mimi nimkimbilie." Tulicheka mpaka Chimala. Siku ile wao wawili walishinda seti mbili kwa bila.

Kisha watu wakaanza kufa.

Klabuni kulikuwa na ubao wa ngazi, na nadhani hamjauona kwa sababu uliliwa na mchwa. Kila mchezaji alikuwa na kibao kidogo chenye jina lake kinachoning'inia kwenye ndoano. Ukimshinda aliye juu yako, mnabadilishana ndoano. Miaka ile mtu aliweza kupanda ngazi bila kushinda mchezo wowote. Karani wa benki aliyekuwa wa nne alifariki, wa tano akawa wa nne. Nesi wa hospitali alifariki, mumewe akafuata. Fundi wa reli kutoka Mbeya, ambaye alikuwa anatuchekesha kwa kuapa kwa Kinyakyusa kila akikosa sevu, ule mpira wa kuanzia, mwaka huo hakuja na wenzake, na hatukuuliza. Ugonjwa haukutajwa. Tulisema kifua. Tulisema malaria imepanda kichwani. Vijana mtaani walisema amekanyaga waya. Dawa ambazo leo mtu anameza na kuendelea na kazi zilikuwa hazijafika kwetu.

Mtu akishazikwa, Mzee Mhapa alikwenda kwenye ubao, akakipapasa kibao kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri, akakitoa, akasogeza vingine juu kimoja kimoja. Kile alichokitoa alikitia mfukoni. Sijui alivipeleka wapi. Sikumuuliza.

Siku moja, baada ya mvua za masika, Mwalimu Kikoti aliniletea raketi yake.

"Anna, safari hii nipunguzie kidogo. Hamsini na nne."

Nilimtazama. Mtu hashuki paundi nne kwa siku moja bila sababu. Akasema bega linamsumbua. Nikafunga hamsini na nne. Baada ya wiki chache alirudi, akataka hamsini. Kisha arobaini na sita. Nikaona pia mkono umenywea, raketi inamzunguka kiganjani akipiga, nikamwongezea mkanda juu ya mkanda kwenye mshikio bila yeye kuomba. Alipoipokea raketi aliushika mshikio, akaelewa kuwa nimeelewa. Akafunga mlango wa chumba cha nyuzi.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Sisemi, Mwalimu."

"Hasa Zuhura."

"Yeye angekusaidia."

"Ndiyo hicho. Akijua ataanza kunikimbilia mipira yangu. Nina mechi moja na Mbeya imebaki, Anna. Nataka kuicheza kama mtu anayetukanwa."

Nilimwahidi. Naomba mkumbuke kwamba nilimwahidi, maana yanayofuata sijayaweka sawa moyoni mpaka leo.

Mwaka ule Mbeya walikuja kwetu. Niliamka mapema kuliko kawaida na kiwanja kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, wekundu wake umetulia, mistari imenyooka. Mechi ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu na Bi Zuhura. Seti ya kwanza Mwalimu alisimama karibu na wavu na kucheza kwa akili tu, mpira mfupi huku, mpira wa juu kule, wakashinda kwa shida. Seti ya pili Mbeya wakamtambua. Kila mpira ukaenda kwake. Aliuona, alijua pa kuupiga, miguu haikufika. Bi Zuhura alikuwa anakimbia pande zote mbili za kiwanja, kilemba kimelowa jasho, na kila alipomgeukia Mwalimu uso ulikuwa mkali zaidi. Seti ya pili ikaenda kwa Mbeya. Ya tatu ikaenda sita kwa bila.

Bi Zuhura akaitupa raketi yake kwenye benchi, ikagonga na kuanguka.

"Mwalimu, kama umechoka kucheza, sema," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye magari. "Usinifanye mimi punda wa kukubebea mzigo mbele ya watu. Unakuja kiwanjani na pombe ya jana? Mwakani natafuta mtu mwenye miguu."

Watu walicheka. Wa Mbeya walicheka, na wa kwetu pia walicheka, kwa sababu hivyo ndivyo Bi Zuhura alivyokuwa na siku zote tulikuwa tukicheka. Mwalimu, ambaye hakuwahi kunywa hata togwa iliyochachuka, alitabasamu.

"Umesema kweli, dada."

Akachukua ufagio. Alifagia upande wake kufika kama nusu, akasimama, akaegemea mpini kwa mikono yote miwili. Mimi nilikuwa bombani, hatua tatu au nne kutoka kwa Bi Zuhura, na mpira wa maji mkononi. Nilitazama chini.

Mwalimu hakurudi tena klabuni. Nilikwenda kumwona mara mbili nyumbani kwake Kihesa. Mara ya pili hakuweza kuketi, mkewe alikuwa anamgeuza, na alichoniuliza ni kama Mbeya wamepanga tarehe ya mwaka unaofuata. Alifariki mvua zilipoanza. Tulimzika kijijini kwao, Kilolo, kwenye mtelemko, udongo ukiteleza chini ya viatu, na mchungaji alilazimika kusoma kwa haraka kwa sababu wingu lilikuwa limekwishashuka.

Bi Zuhura alikuja na mumewe. Alisimama mbali na kaburi. Watu walipoanza kushuka alinifuata.

"Anna. Wewe ndiye uliyekuwa ukiifunga raketi yake. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hamsini na nne."

Hakuelewa, nikamweleza. Hamsini na nane, hamsini na nne, hamsini, arobaini na sita. Nikamwambia na ile mikanda ya mshikio. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta mtandio akaziba mdomo, akageuka akaenda kwenye gari.

Tangu siku ile hakuniletea raketi. Mfunga nyuzi mwingine Iringa hakuwepo, kwa hiyo aliipeleka Dar es Salaam kwa basi na kuisubiri mwezi mzima. Akija klabuni alinisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mtu usiyemjua. Baada ya msimu mmoja aliacha kuja. Mumewe alipofariki alifunga duka, akarudi kwao Mbeya. Kibao chake nilikitoa mimi, maana Mzee Mhapa alikuwa ameshapofuka kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kukitoa kibao cha mtu aliye hai, na nilijisikia vibaya zaidi kuliko vile vingine.

Nilimsimulia Mzee habari yote hiyo, kwake, akiwa kitandani ambako hakuinuka tena. Nilimuuliza kama nilikosea.

"Siri ya mtu uliitunza?"

"Niliitunza."

"Na kiwanja ulikitunza?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa unanitaka nikupe nini tena?" akasema, akageukia ukuta. Nafikiri alikuwa na vibao vyake vya kufikiria. Alikufa wiki hiyo.

Miaka iliyobaki mnaijua. Viwanja viwili vikatiwa zege, wachezaji wapya wakaja na raketi zilizofungwa tayari kiwandani, mashine ya umeme ikaletwa. Nilifunga nyuzi za watoto wa watu niliowazika. Dawa zilifika, na mara kadhaa nilimwona mtu akishuka paundi kumi na kisha, baada ya miezi, akaja kuniambia, "Nirudishe hamsini na sita." Hao nilikuwa nawafungia vizuri mno. Kisha nilikuwa nakwenda nyuma ya chumba, nakaa kwanza.

Mwaka jana, kabla sijastaafu, nilipigiwa simu na mwanamke anayeitwa Salma. Alisema yeye ni binti wa Bi Zuhura, mama yake anaumwa figo, na ananiulizia. Nilipanda basi kesho yake. Tulipopita Igawa niligeuza uso, nisitazame dirishani.

Nyumba ilikuwa Ilomba, nyuma ya msikiti mdogo. Nilimkuta kitandani, amevimba miguu na uso, ila mdomo ulikuwa uleule.

"Umezeeka, Anna."

"Na wewe, Bi Zuhura."

"Mimi siyo uzee, mimi nakufa. Kaa."

Nikakaa. Salma akaleta chai, akatuacha. Bi Zuhura akanigeuzia uso.

"Unadhani nilikukasirikia kwa sababu hukuniambia."

"Ndivyo nilivyodhani siku zote."

"La. Ile ilikuwa siri yake. Ungeniambia ningekwenda kumlilia, naye angenichukia. Mwalimu namjua." Alisubiri pumzi irudi. "Nilikukasirikia kwa siku ile kiwanjani. Ulikuwa umesimama pale na mpira wa maji. Nilikuwa nazungumza maneno yale, na wewe unajua, na unanisikia. Hukuhitaji kutoa siri ya mtu. Ungeniambia tu, Zuhura, nyamaza. Ningenyamaza. Wewe ungeniambia ningenyamaza."

Niliangalia kikombe changu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimejitetea mbele yake kichwani mwangu, kila hoja nimeipanga, na zote zilihusu siri. Nilikuwa mbeba maji, yeye alikuwa mwenye duka, watu walikuwa wanacheka: ningeweza kusema hivyo. Lakini nusu ya machungwa yake nilikuwa nimeila miaka saba.

"Nilitazama chini," nikasema.

"Niliona."

Hatukusema tena habari hiyo. Aliniuliza kama kuna anayecheza bekhendi kwa mkono mmoja siku hizi. Nikamwambia wote mikono miwili. Akasema ni uvivu. Nilipoinuka kuondoka alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Nisamehe na mimi nilivyokupita kama ukuta," nami nikasema yameisha, ingawa tulijua sote wawili kwamba yanaisha kwake, mimi nitabaki nayo.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza: mtu akija na raketi na kuomba umpunguzie nyuzi, mpunguzie. Usimuulize, usimtangaze. Lakini ukisikia anadhalilishwa, weka chini ulichoshika, mwambie anayesema anyamaze, hata kama ni mwenyekiti. Mzee Mhapa alinifundisha kila kitu kuhusu udongo, na hilo hakunifundisha. Wakikufukuza kwa hilo, wakufukuze. Kazi ya kubeba maji inapatikana kwingine.

Bi Zuhura alifariki mwezi wa tatu. Salma alinipigia asubuhi, na kwa kuwa Waislamu hawachelewi kuzika, nilifika Ilomba jeneza likiwa limeshatoka. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini, na wanawake tulibaki ndani, wengine wanasoma Kurani, wengine wanaosha masufuria uani. Mimi Mlutheri sikujua pa kukaa, nikakunja mikono ya gauni na kuchuchumaa kwenye vyombo.

Mama mmoja aliyekuwa anasuuza sahani karibu yangu aliniangalia, akaona simjui na hanijui.

"Wewe umetoka wapi, mama?"

"Iringa."

"Ni ndugu? Au mlifanya kazi pamoja?"

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa natunza kiwanja alichokuwa akichezea. Badala yake nikasema nilikuwa rafiki yake. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akanisogezea sahani nyingine, na akaniamini tu, kwa sababu wote ambao wangeweza kunibishia walikuwa wameshakufa, pamoja na wale ambao wangesema ni kweli.